Kuwasha ni Rahisi, Shida ni Kuzima

Stima ilipotea Jumamosi jioni, na kwa mara ya kwanza nilikuwa nimejipanga. Wiki mbili kabla nilikuwa nimemnunulia mathe inveta ya mtumba, ile unaunganisha na betri ya gari, ndio friji ya duka lake isizime. Mathe anauza maziwa na samaki. Nikabonyeza swichi, friji ikanguruma, mathe akanisifu mbele ya wateja wawili. Dakika kumi hivi, paf! Moshi, harufu ya plastiki, giza.

Fundi wa kwanza aliifungua, akaona transista nne zimepasuka, akaweka nne mpya, akasema 3,200. Nikalipa. Nilipofika nyumbani ilidumu chini ya dakika moja. Samaki waliobaki wakaenda kwa paka za ploti, na mathe hakuniambia kitu, ambayo ni mbaya kuliko kugombezwa.

Fundi wa pili ni mzee mmoja tunamuita Guka. Ana kibanda kidogo nyuma ya soko, hana cheti chochote ukutani, ana redio za babu yako zimerundikwa hadi kwa dari. Aliangalia zile transista zilizopasuka, hata hakuzigusa. Akaniambia, "Kijana, hizi hazijauawa na stima nyingi. Zimeuawa na saa."

Nikadhani anazeeka. Kumbe mzee alikuwa amenipea, kwa sentensi mbili, historia ya miaka karibu mia moja. Nimekaa wiki tatu nikiisoma, na nimefika mahali nina maoni makali: tukifundishwa historia ya stima tunaambiwa tu kuhusu wale waliowasha. Edison na balbu yake, Tesla na mota zake, nani alimuibia nani. Hakuna mtu hutuambia kuhusu wale walioumiza kichwa wakijaribu kuzima kwa wakati unaofaa. Na bila hao, simu yako haichaji.

Acha nianze na swali ambalo Guka aliniuliza. Betri inatoa volti 12, inasukuma njia moja tu. Friji inataka volti 240, zinazoenda mbele na kurudi mara 50 kwa sekunde. Unatoka aje hapa kufika pale? Transfoma inaweza kupandisha voltiji, lakini transfoma haisikii stima ambayo imetulia. Inasikia tu stima inayobadilika. Kwa hivyo lazima kuwe na kitu cha kuwasha na kuzima ile betri haraka haraka. Swichi.

Na kwa nini swichi, si kitu cha kupunguza polepole kama bomba la maji? Piga hesabu na mimi. Sema swichi inapitisha ampea 10. Ikiwa imefunguka kabisa, na ukinzani wake ni omu 0.02, joto linalobaki ndani yake ni wati 2. Ikiwa imezimika kabisa, hakuna kinachopita, hakuna joto. Lakini ikiwa nusu nusu, inashikilia volti 6 na huku inapitisha ampea 10, hizo ni wati 60. Wati 60 ni chuma cha kulehemu, ile "soldagani" ya Guka. Kifaa cha ukubwa wa ukucha kinageuka chuma cha kulehemu. Kwa hivyo kanuni ya kwanza ya mchezo wote huu: washa kabisa ama zima kabisa, katikati usikae.

Sasa turudi miaka ya 1930, Marekani. Watu wameanza kutaka redio kwa gari. Betri ya gari wakati huo ilikuwa volti 6. Redio zilikuwa za valvu za glasi, na valvu zinataka mamia ya volti. Transista haijazaliwa. Wakafanya nini? Walichukua kipande chembamba cha chuma, wakakiweka karibu na sumaku ya stima, kikawa kinatetemeka kama kengele ya mlango, karibu mara 115 kwa sekunde. Kila kikitetemeka kinagusa upande huu, alafu upande ule. Hiyo ndiyo ilikuwa swichi. Waliifunga ndani ya mkebe wa aluminiamu na kuipa jina la vaibreta. Ukiwasha redio ya gari unaskia kwanza mzzzzz, alafu muziki.

Saa ya hiyo swichi ilikuwa nini? Urefu wa kile chuma, na uzito wake. Basi. Hakuna chipu, hakuna programu. Ukitaka kubadilisha saa unakata chuma kingine.

Hapa ndipo historia ilinishtua. Wakati kile chuma kinatoka upande huu kwenda upande ule, kuna muda mfupi kiko hewani, hakijagusa popote. Stima iliyokuwa kwenye koili ya transfoma haipendi kukatwa ghafla. Inaruka, inatoa cheche, inaunguza ncha za mgusano. Kwa hivyo waliweka kapasita moja ndogo, iliyochaguliwa kwa makini, ili voltiji ijigeuze yenyewe pole pole wakati chuma kiko hewani, na kikifika upande wa pili kikute mambo yametulia. Kapasita ikichoka, cheche zinaanza, vaibreta inakufa. Mafundi wa redio wa enzi hiyo walikuwa na sheria: ukibadilisha vaibreta, badilisha na ile kapasita, la sivyo vaibreta mpya itakufa vile vile.

Umeona? Fundi wangu wa kwanza alivunja sheria ya mwaka wa 1935. Aliweka maiti mpya juu ya sababu ya kifo.

Wakati redio za magari zinanung'unika, kwa viwanda na treni kulikuwa na kitu kingine cha ajabu zaidi. Mnamo 1902 Mmarekani anaitwa Peter Cooper Hewitt alikuwa ametengeneza kifaa cha glasi chenye zebaki ndani, kinachopitisha stima njia moja tu. Tafuta picha zake usiku huu. Ni kama pweza wa kioo anayewaka samawati. Baadaye wahandisi wakaongeza wavu ndani yake, ndio waweze kuchelewesha wakati wa kuwaka. Lakini ikishawaka, imewaka. Huwezi kuizima. Unangoja stima yenyewe ipungue hadi sufuri.

Alafu 1957 kampuni ya General Electric ya Marekani ikaleta toleo la silikoni la kitu hicho hicho, kazi ya Gordon Hall, Frank Gutzwiller na wenzao. Leo tunakiita thairista. Kidogo, hakivunjiki kama glasi, hakina zebaki ya kukuua. Lakini kilirithi tabia ya babu yake: unakipiga kofi kidogo kwenye geti kinawaka, na baada ya hapo hakikuskizi tena. Ni kama kumwambia msee wa mtaa siri moja. Kuanza alianza kwa sababu yako, kunyamaza si juu yako.

Kwa stima ya nyumbani hiyo si shida. Stima yetu inafika sufuri mara 100 kila sekunde, yaani kila milisekunde 10, kwa hivyo thairista inazimika yenyewe na unapata nafasi ya kuanza upya. Unachocheza nacho ni kuchelewa. Ukiiwasha mara tu mzunguko unapoanza, taa inapata nguvu yote. Ukingoja milisekunde 5, taa inapata nusu. Ile regulata ya feni ya dari, ya kuzungusha, mara nyingi inafanya hivi, kwa kutumia binamu ya thairista anaitwa traiaki. Haipunguzi stima. Inachelewa kazini.

Na usidhani hii ni ya kitambo. Ile laini kubwa inayoleta stima kutoka Ethiopia, kilomita 1,045 kutoka Wolayta Sodo hadi Suswa, volti 500,000, iliyoanza kupitisha stima Novemba 2022, inatumia thairista. Kule Suswa zimepangwa safu kwa safu ndani ya jumba, zinageuza stima inayosukuma njia moja kuwa hii yetu ya kwenda na kurudi. Haziwezi kujizima. Zinazimwa na gridi yetu wenyewe, kila mzunguko, kwa kuwashwa mapema kiasi kwamba voltiji ya Kenya inapata muda wa kuzifunga. Gridi ikiyumba vibaya kwa wakati usiofaa, inaweza kushindwa kuzifunga. Laini iliyojengwa kubeba megawati 2,000, na usalama wake unategemea sehemu ndogo ya milisekunde. Mimi hupita huko tukienda Narok na sijawahi hata kuangalia nje ya dirisha.

Lakini kwa betri hakuna sufuri. Betri inasukuma tu. Ukiwasha thairista kwa betri itakaa imewaka hadi betri iishe, ama kitu kiungue. Miaka ya 1960 wahandisi waliteseka sana na hili. William McMurray wa General Electric ndiye mmoja wa waliotoa suluhisho lililotumika sana: unachaji kapasita pembeni, alafu muda wa kuzima ukifika unaifungulia ghafla irushe stima kinyume, ili thairista ifikirie imefika sufuri. Hebu fikiria hiyo. Ili kuzima swichi moja unahitaji thairista ya pili, koili, na kapasita ya ukubwa wa chupa ya soda. Mashine yote ilikuwa ya kuzima! Na kapasita ikikosa nguvu kidogo tu, thairista haizimi, ya upande wa pili inawaka, zote mbili ziko wazi, betri inajikuta imejifungia kwa yenyewe. Paf. Unaijua hiyo sauti sasa.

Katikati ya mateso hayo, mnamo 1964, wahandisi wawili wa kampuni ya Brown Boveri ya Uswisi, Schönung na Stemmler, walichapisha wazo ambalo kwangu mimi ndilo tamu kuliko yote. Swali lao lilikuwa: tuna swichi inayojua tu ndiyo na hapana. Tutachora aje wimbi laini, lile la kupanda na kushuka kama kilima, kwa kutumia ndiyo na hapana?

Jibu unaweza kulichora kwa kitabu cha hesabu. Chora wimbi laini unalotaka, pole pole. Juu yake chora meno ya msumeno, pembetatu nyingi za haraka. Kila mahali wimbi liko juu ya jino, washa. Kila mahali liko chini ya jino, zima. Ukiangalia matokeo, utaona vipande vya kuwasha, vingine vinene, vingine vyembamba. Wimbi likiwa juu kileleni, vipande vinanenepa. Likishuka, vinakonda. Ukivipitisha kwenye koili, koili haipendi mabadiliko ya ghafla, inavilainisha, na wimbi lako linatokea upande wa pili. Hakuna aliyepunguza voltiji. Wamecheza na upana wa mipigo pekee, yaani na saa.

Nilipoelewa hapo niliweka simu chini nikaangalia tu dari. Inveta ya sola ya jirani, boda ya stima, lifti ya jengo kubwa tauni, nyingi zinaendeshwa na huo mchoro wa wimbi na meno ama jamaa yake.

Kuna hata treni zinazoimba kwa sababu hii. Mota inanguruma kwa mdundo wa swichi zake, na kama mdundo uko ndani ya sauti tunazoskia, unausikia. Siemens walipanga saa za swichi kwenye treni za kampuni ya Keikyu huko Japani, aina ya 2100 iliyotoka 1998, zikawa zikiondoka stesheni zinapanda noti moja moja kama mtoto anajifunza piano. Watu walizipenda hadi zikapewa jina la do-re-mi-fa. Mitambo hiyo ilibadilishwa pole pole, na ya mwisho ikanyamaza 2021. Wapenzi wa treni walienda kuaga. Kuaga inveta! Nawaelewa kabisa.

Kilichobaki ni kupata swichi inayoskia ikiambiwa zima. Transista ilikuwa inaweza, tangu mwanzo, ila zile za kwanza zilikuwa dhaifu. Zilipopata nguvu mambo yakaenda mbio: mosfeti kubwa za International Rectifier kufikia 1979, kisha miaka ya 1980 IGBT, ambayo B. Jayant Baliga, mhandisi kutoka India aliyekuwa General Electric, alihusika sana kuileta. Hizo ndizo zilifanya magari ya stima ya kisasa yawezekane. Tusikae hapo.

Nataka tukae kwa kitu kidogo cha 1976. Mwaka huo Robert Mammano wa kampuni ndogo ya Silicon General alitoa chipu inaitwa SG1524. Ndani yake aliweka ile hadithi yote: kitu cha kuchora meno ya msumeno, kitu cha kulinganisha, na milango miwili inayopeana zamu. Kabla ya hapo ulihitaji bodi nzima ya vipande. Baada ya hapo saa ilikuwa ya kununua dukani. Mwaka uliofuata kompyuta ya Apple II ikatoka na pawa saplai nyepesi ya swichi, kazi ya Rod Holt, na sifa nyingi zikaenda kwa Apple. Ukweli ni kwamba wengine walikuwa wakitengeneza pawa saplai za swichi kabla yao. Apple walikuwa na mdomo mzuri.

Chipu za ukoo huo ziliendelea kuzaana. Moja inaitwa TL494, ya Texas Instruments. Hii ndiyo Guka alinionyesha kwa kidole chake cheusi, imekaa katikati ya inveta ya mathe, miguu 16, bei yake ni kama ya smokie mbili. Mguu wa nne akaugonga na kalamu. "Huu," akasema, "ni wa kupumzika."

Alimaanisha kile mafundi huita dedi-taimu. Inveta ya mathe ina pande mbili za transista zinazopeana zamu kuvuta transfoma, maelfu ya mara kwa sekunde. Guka aliniuliza kama nimewahi kuona wamama wawili wakitwanga kinu kimoja. Nimewahi, kwa shosho. Mchi wangu ukishuka wako unapanda. Tukishuka pamoja tunagongana. Sasa kwa inveta ni mbaya zaidi, kwa sababu pande zote mbili zikiwaka pamoja transfoma inakuwa kama haipo, na betri nzima inapita kwa transista. Kwa hivyo kati ya zamu na zamu lazima kuwe na pengo, sehemu ndogo sana ya sekunde, ambapo wote wametulia. TL494 imewekwa pengo ndogo la lazima hata usipoigusa, na ule mguu wa nne ni wa kuliongeza. Ukiliweka kubwa mno, unapoteza nguvu, friji inalia. Ukiliweka dogo mno, unajua sauti.

"Kwa hivyo chipu imeharibika?" nikauliza.

Akatikisa kichwa. Chipu iko sawa, alisema, inasema zima kwa wakati wake. Shida ni nani anatii. Geti ya mosfeti ni kama ndoo ndogo. Kuiwasha unaijaza, kuizima unaimwaga. TL494, vile imeunganishwa kwenye inveta kama hii, inajua kujaza tu. Ya kumwaga ni vitransista viwili vidogo pembeni, moja kwa kila upande, ukubwa wa punje ya mahindi. Mosfeti za kwanza zilipopasuka, ziliviunguza navyo. Fundi wa kwanza hakuviangalia kwa sababu havikuwa na alama yoyote ya moto. Mosfeti mpya zikawa zinawaka vizuri kabisa na kuzima zikijiskia. Pengo lilikuwepo kwenye chipu, lakini likaisha kabla ndoo haijamwagika. Upande wa pili ukawaka. Michi ikagongana.

Hapo ndio nilishikwa na hasira kidogo, na si kwa fundi wa kwanza pekee. Guka alijifunzia kwa redio za magari, zile zile za vaibreta, alikuwa kijana wa kufagia duka la fundi mwingine. Hiyo sheria ya kubadilisha kapasita aliijua kabla ya kujua kusoma Kiingereza cha kitabu. Saa hii akiomba tenda ya kurekebisha inveta za shule, anaulizwa karatasi. Mimi nina karatasi, nilipita fizikia, na singeweza kukwambia kwa nini kitu kilichowekewa vipande vipya kinakufa tena.

Alibadilisha mosfeti nne na vile viwili vidogo. Kabla ya kuunganisha betri moja kwa moja aliweka balbu ya taa ya gari katikati ya waya, ndio kama kuna kosa balbu iwake badala ya transista kupasuka. Akawasha. Balbu ilimetameta kidogo mara moja, ikafifia, ikazima. Tulisimama tukiiangalia ikiwa imezima kama watu wanaangalia mechi.

Jumla ilikuwa 1,140. Mosfeti nne kwa 150, vile vidogo kwa 20 kila kimoja, na 500 ya mkono. Nilirudi nayo dukani, nikaunganisha, nikamngoja mathe amalize kumhudumia mteja. Nilimweleza yote, meno ya msumeno, ndoo, kinu cha shosho. Alinisikiza hadi mwisho akipanga pakiti za maziwa ndani ya friji.

"Sasa," akasema, "hako ka shilingi ishirini ndiko kaliniharibia samaki?"

"Ndiyo, mathe."

Akafunga mlango wa friji. "Nunua tukae nazo kumi."